Kufunga na kutumia kiungio cha kugawa uzito kwa gari linalovuta tela

Dalili za gari kuelemewa nyuma na tela huonekana vizuri zaidi usiku. Dereva ameunganisha tela lililojaa, amewasha taa, na mwanga wake unamulika matawi ya miti badala ya barabara. Akiondoka atahisi usukani umekuwa mwepesi kupita kawaida, na kwenye mteremko atagundua kwamba magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki, hayaikamati barabara kama alivyozoea. Wengi wakiona hivyo hufikiria kuongeza springi za nyuma au mifuko ya hewa. Dawa hiyo huinua bampa ya nyuma ikapendeza machoni, lakini haiurudishi uzito ulioondoka mbele, na kwa mvutaji wa tela uzito huo ndio wenye thamani.

Chanzo chake ni kanuni ya mtaimbo. Tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma ambao tela hufungwa juu yake, liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo unaowekwa juu yake huifanya ekseli hiyo kuwa egemeo: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka. Tuchukue gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana kwa mita 3.2 na tufe lake liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ya tela, yaani fremu yake ya mbele inayofika kwenye tufe, ikikandamiza tufe kwa kilo 300, ekseli ya mbele hupoteza takriban kilo 110, na ekseli ya nyuma hubeba si zile 300 pekee, bali 410. Watu wengi hulisahau ongezeko hili la nyuma, ingawa ndilo huwahi kuvuka kikomo cha ekseli na cha matairi.

Kiungio cha kugawa uzito hujibu tatizo hilo kwa fito mbili nene za chuma cha springi. Ncha moja ya kila ufito huingia kwenye kichwa cha kiungio, chini ya tufe, na ncha ya pili hurudi nyuma kufuata shingo ya tela, ambako huvutwa juu kwa mnyororo au huketi juu ya kishikizi cha chuma. Kuvuta ncha hizo juu ni sawa na mtu anayenyanyua vipini vya toroli: nguvu hupita kwenye kichwa kilichofungwa imara na kulisukuma gari lishuke mbele. Sehemu ya mzigo uliokuwa umelundikana kwenye ekseli ya nyuma hurudi mbele, na sehemu nyingine hupelekwa kwenye ekseli za tela lenyewe.

Kifaa hiki hakiongezi uwezo wa gari wa kuvuta. Uzito wote ni uleule, umepangwa upya tu. Vilevile hakimponyi mtu aliyepakia vibaya: tela lenye mzigo mwingi nyuma ya ekseli zake litayumba, na fito nene kiasi gani hazitalitibu.

Kabla ya kununua

Fungua kitabu cha gari kwenye sura ya kuvuta tela, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani. Wapo wanaolazimisha kiungio hiki kuanzia uzito fulani wa tela, wapo wanaokikataza kabisa kwa modeli fulani, hasa zile ambazo fremu yake ya nyuma haikuundwa kustahimili nguvu ya kupinda, na wapo wanaotaja ni kiasi gani cha uzito kirudishwe mbele. Kisha lala chini ya gari usome kibandiko cha soketi ya kuvutia, yaani tundu la chuma nyuma ya gari linalopokea kiungio. Mara nyingi huwa na safu mbili za namba, moja ya kubeba uzito moja kwa moja na nyingine, kubwa zaidi, ya kutumia kiungio cha kugawa uzito. Kama safu ya pili haipo, usidhani ilisahaulika. Muulize aliyeitengeneza soketi hiyo.

Kwa upande wa tela, angalia mambo mawili. La kwanza ni breki: matela ambayo breki zake hufanya kazi kwa shingo kusukumwa nyuma gari linapopunguza mwendo hayaelewani na kila aina ya kiungio, kwa sababu baadhi ya fito huzuia mwendo huo wa kusukumwa. La pili ni ukubwa wa tufe. Tufe la milimita 50 na lile la inchi 2, yaani milimita 50.8, yanafanana machoni, lakini kila moja lina kikombe chake, yaani sehemu ya mbele ya shingo inayolifunika tufe. Matela mazito hutumia pia tufe la milimita 58.7. Ukubwa huandikwa juu ya tufe na juu ya kikombe, na lazima ulingane.

Kupima uzito wa shingo

Hatua hii ndiyo huamua ununue fito za nguvu gani, na ndiyo watu huiruka. Pakia tela kama siku ya safari: maji kwenye tangi, gesi, vyombo, kila kitu mahali pake, na takriban asilimia 60 ya mzigo ikiwa mbele ya ekseli. Uzito wa shingo unaofaa ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 2,500 basi huhitaji shingo ya kilo 250 hadi 375. Ikipungua chini ya asilimia 10, tela hupenda kuyumba. Ikizidi, gari huelemewa.

Asiye na mzani maalumu anaweza kutumia mzani wa kupimia watu na ubao imara. Laza bomba fupi juu ya tofali upande mmoja na bomba lingine juu ya mzani upande wa pili, kisha laza ubao juu ya mabomba hayo mawili. Shusha shingo kwenye ubao mahali ambapo umbali kutoka bomba la tofali ni sehemu moja na umbali kutoka bomba la mzani ni sehemu mbili, kwa mfano sentimita 30 na sentimita 60. Mzani utabeba theluthi moja tu, kwa hiyo zidisha namba unayoisoma mara tatu. Magurudumu ya tela yawekewe kabari mbele na nyuma, na shingo iwe katika kimo kilekile itakachokuwa nacho barabarani, kwani kuinama au kuinuka kwake hubadilisha kipimo.

Kwa namba hiyo ongeza uzito wa kiungio chenyewe pamoja na mizigo iliyo kwenye buti nyuma ya ekseli ya nyuma, kisha chagua fito ambazo uwezo wake unalingana na jumla hiyo au unaizidi kidogo. Dhana kwamba fito kubwa zaidi ni salama zaidi si ya kweli. Fito ngumu mno hazipindi. Kila bonde la barabara hupiga fremu ya tela kama nyundo, na baada ya muda nyufa huanza kwenye maungio ya kuchomelea. Fito dhaifu nazo zitavutwa hadi mwisho na bado mbele ya gari itakuwa juu.

Vipimo vya mwanzo

Tafuta uwanja tambarare kwelikweli. Barabara yenye mwinamo mdogo hupotosha kila kitu kinachofuata. Jaza upepo wa matairi kwa kiwango cha kubeba mzigo, jaza mafuta, na kama safari ni ya watu wanne, wanne hao wakae ndani. Gari lenye springi za hewa zinazojisawazisha lina utaratibu wake: fuata kitabu kuhusu kuzima usawazishaji kabla ya kuunganisha, la sivyo gari litakuwa linasahihisha huku wewe nawe unasahihisha.

Kwa futi kamba, pima kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa madigadi, wima juu ya kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma. Andika. Mimi huandika kwa chaki kwenye tairi lenyewe, maana karatasi hupeperuka na kumbukumbu hudanganya. Tuseme umepata milimita 850 mbele na 870 nyuma.

Sasa lisawazishe tela kwa pimamaji na upime kimo cha ndani ya kikombe chake. Ingiza mkono wa kiungio kwenye soketi, funga pini na klipu yake, na uchague matundu ambayo yataliweka tufe sawa na kikombe au juu yake kwa milimita 25 hivi. Ziada hiyo hufidia kushuka kwa nyuma ya gari baada ya kupokea mzigo. Usikaze bolti za kichwa moja kwa moja bado, isipokuwa nati ya tufe, ambayo ikishakaa ndani ya kichwa inakuwa shida kuifikia. Nati ya tufe lenye shina nene huhitaji kwa kawaida nguvu ya kukaza inayozidi nyutoni-mita (Nm) 500. Mkono mtupu na spana fupi havifiki hapo, na karakana yenye spana ya kupimia nguvu itaimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Kuelekeza kichwa

Kiini cha usanidi wote ni pembe ya kichwa. Kichwa kikiinamishwa kuelekea tela, ncha za nyuma za fito hushuka. Zikiwa chini zaidi kabla ya kuvutwa, zitapinda zaidi zikishavutwa, na uzito mwingi zaidi utahama. Aina nyingi hutumia washa zinazopangwa kwenye pini ndani ya kichwa, washa moja zaidi ikiwa ni hatua moja ya kuinama. Nyingine zina meno yanayoshikana. Anza na idadi inayotajwa kwenye maelekezo ya kifaa chako, na uhesabu kwamba utarudi hapa mara mbili au tatu. Anayebahatisha mara ya kwanza ni nadra.

Vishikizi vya minyororo hufungwa kwenye fremu ya shingo, kila kimoja wima juu ya ncha ya ufito wake. Mnyororo usimame wima, usivute mbele wala nyuma. Maelekezo mengi hutaka pete zisizopungua 5 kati ya ufito na kishikizi, kwa sababu gari likikata kona ufito mmoja husogea mbele na mwingine nyuma, na mnyororo mfupi mno hukosa nafasi ya kufuata mwendo huo. Kabla ya kukaza, hakikisha kishikizi hakibani bomba la gesi wala nyaya za taa zinazopita ndani ya fremu.

Kuunganisha na kuvuta fito

Rudisha gari, shusha kikombe juu ya tufe, funga komeo na uweke pini yake. Hapa fanya jaribio ambalo halimalizi dakika moja: pandisha jeki ya tela kidogo uone kama nyuma ya gari inanyanyuka pamoja nayo. Kikombe kilichokaa juu ya tufe bila kulishika huonekana kimefunga, na jaribio hili hukiumbua. Baada ya hapo legeza jeki kabisa, fito zikiwa bado hazijavutwa, na upime madigadi mara ya pili. Katika mfano wetu mbele imepanda hadi milimita 878 na nyuma imeshuka hadi 812.

Sasa pandisha jeki tena, safari hii ikiinua shingo na nyuma ya gari kwa pamoja, juu kuliko kimo cha mwanzo. Kwa kufanya hivyo, fito zitaingia karibu bila kulazimishwa. Ziingize kwenye kichwa, chagua pete ya mnyororo, na uinue kishikizi kwa bomba refu linalokuja na kifaa. Idadi ya pete iwe sawa kulia na kushoto. Simama pembeni mwa bomba, si juu yake wala mbele yake, na weka pini ya usalama ya kishikizi kabla hujaliachia. Niliwahi kujaribu kuokoa muda kwa kuuinua ufito bila kupandisha jeki vya kutosha. Bomba liliponyoka, likapita karibu na taya langu na kutoboa madigadi ya plastiki. Ukijikuta unalitundikia bomba uzito wa mwili wako wote, tatizo haliko kwenye misuli, jeki haijapanda vya kutosha.

Shusha jeki hadi uzito wote uwe kwenye tufe, kisha pima kwa mara ya tatu.

Kusoma namba

Mbele ilikuwa 850, ikapanda hadi 878, tofauti ya milimita 28. Kama kitabu cha gari kinataka nusu ya uzito irudishwe, unatafuta 864. Kama kinataka urudishwe wote, unatafuta 850. Ikiwa hakisemi chochote, mimi hulenga mahali fulani kati ya hapo, wala sivuki kamwe chini ya 850. Zamani walikuwa wakifundisha kwamba gari linapaswa kushuka sawasawa mbele na nyuma, na ushauri huo, ingawa bado unatolewa, una kasoro. Mbele ikishuka kuliko ilivyokuwa kabla ya tela, ekseli ya nyuma imenyang'anywa uzito inaouhitaji ili kushikilia barabara, na kwenye kona ya ghafla au barabara yenye utelezi nyuma ya gari huwa ya kwanza kuponyoka, huku tela likiisukuma. Hapo ndipo gari na tela hujikunja kama kisu cha kukunja.

Kama mbele bado iko juu, punguza pete moja kila upande. Kama pete zimefika kikomo, rudi kwenye kichwa na uongeze washa moja. Kama imeshuka mno, fanya kinyume. Fito zikishavutwa zinapaswa kuwa karibu sambamba na fremu ya tela, na tela liwe limelala sawa au limeinama mbele kidogo sana. Likiinama sana, shusha au pandisha kichwa tundu moja kwenye mkono na uanze vipimo upya. Inachosha, lakini hufanywa mara moja. Ukiridhika, kaza bolti zote kwa nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo na uhesabu pete ukiziwekea alama ya rangi, ili safari ijayo usibahatishe.

Kisha minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona bila kuburuzika, na waya wa dharura wa breki, ule unaofunga breki za tela likichomoka, ufungwe kwenye gari lenyewe, usifungwe kwenye minyororo hiyo wala kwenye kiungio. Ingiza plagi ya taa na ujaribu kila taa.

Mizani ya magari

Futi kamba hupima springi, si kilo. Atakayeweza kufika kwenye mizani yenye majukwaa ya kupima kila ekseli apime mara tatu: akiwa na tela na fito zimevutwa, akiwa na tela na fito zimelegezwa, kisha gari peke yake. Kwa gari letu la mfano, likiwa peke yake ekseli ya mbele inabeba kilo 1,320 na ya nyuma 1,380. Fito zikiwa zimelegezwa, mbele ni 1,210, nyuma 1,790 na ekseli za tela 2,200. Fito zikivutwa, mbele inakuwa 1,270, nyuma 1,700 na tela 2,230. Jumla katika hali zote mbili ni kilo 5,200, hakuna kilichopotea. Mbele imerudishiwa kilo 60 kati ya 110 zilizoondoka, zaidi kidogo ya nusu, nyuma imepunguziwa 90, na tela limepokea 30.

Linganisha kila namba na kikomo cha ekseli kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ikiwa nyuma bado inazidi, usiongeze mvuto wa fito. Ondoa mizigo kwenye buti.

Barabarani

Baada ya kilomita 80 za kwanza simama ukaze bolti zote tena, kwa kuwa rangi na kutu vilivyokuwa kati ya vyuma hulegea. Mlio wa kukwaruza kwenye kona za polepole ni wa kawaida; mlio wa chuma kugonga chuma si wa kawaida, na mara nyingi humaanisha pini au mkono una nafasi ndani ya soketi.

Baadhi ya viungio vina ufito wa ziada wa msuguano unaozuia kuyumba. Huo ulegezwe kwenye barabara yenye utelezi na uondolewe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, maana unaweza kupinda. Unapolazimika kuvuka mtaro mkali au mlango wenye mwinuko wa ghafla, fito za springi nazo zilegezwe kwanza: gari likiwa bondeni na tela likiwa juu, nguvu ndani yake huongezeka kupita kiasi kilichokusudiwa. Na tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una kidhibiti cha breki za tela kibonyeze kwa mkono. Kukanyaga breki za gari ghafla au kupigana na usukani huzidisha kuyumba.

Paka grisi tufe na mahali fito zinapoingia kichwani, lakini kamwe usipake nyuso za msuguano. Pete iliyolika, ufito uliobaki umepinda baada ya kulegezwa, au mstari mwembamba wa kutu kwenye mshono wa soketi, ni sababu ya kuacha safari hadi kitengenezwe.

Kutenganisha

Weka kabari kwenye magurudumu ya tela kabla ya jambo lingine lolote. Pandisha jeki hadi shingo na nyuma ya gari viinuke pamoja na minyororo ya fito ianze kulegea. Ndipo utoe pini za usalama na kushusha vishikizi kimoja kimoja, bomba likiwa mkononi na mwili ukiwa pembeni. Toa fito kichwani, shusha jeki hadi kikombe kipumzike juu ya tufe bila kukaza, chomoa plagi, waya wa dharura na minyororo ya usalama, fungua komeo, kisha upandishe jeki hadi kikombe kiliachie tufe na gari lisogee mbele. Toa mkono wa kiungio kwenye soketi pia, kwani ukiachwa hapo hugonga magoti ya wapitao nyuma ya gari.